Mkia wa Kamba

Apa kwanza.

Usinitazame hivyo, apa. Weka kiganja kifuani useme: nikilitoa hili nje, ulimi wangu uote malengelenge. Umesema? Vizuri. Na mimi niliapa hivyo hivyo, nimesimama chumbani kwa fundi wangu wa nguo, yeye kabana pini midomoni, ananizungushia futi kiunoni. Kiuno changu si safari ya haraka. Hadithi yote iliisha kabla ncha za futi hazijakutana. Akaniambia, "Bibi, hili libaki humu humu ndani." Nikamjibu litabaki. Na limebaki, mpaka leo asubuhi. Lakini nimefika umri ambao siri ikilala tumboni inaleta gesi. Sogea karibu. Na huo mlango urudishe.

Fundi huyo mtaani wanamwita Sindano. Mwembamba, kichwa kidogo, na akikuchoma kwa neno utajishika ulipochomwa. Mumewe anatengeneza majokofu, basi wakamwita Barafu, na jina likamkaa, maana ni mtu baridi kweli, hajui kugomba hata na nzi. Walipendana. Chumba chao cha mbele cherehani, cha nyuma kitanda, katikati pazia. Kilichokosekana ni kimoja tu.

Mtoto.

Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili nayo ikatoka. Kila mara Sindano alikuwa ameshashona kanzu ndogo, za mikono mifupi, pindo lake la mshono wa kurudi nyuma mara mbili, mshono ambao hakuna fundi mwingine mjini anaoujua kwa sababu aliubuni mwenyewe. Na kila mara, baada ya msiba ule usio na kaburi, kanzu zilitoweka. "Nimezichoma, mwanangu," Mama Mdogo alimwambia. "Usikae na majonzi mbele ya macho."

Sasa huyu Mama Mdogo ndiye wa kumsikiliza.

Ni mdogo wa marehemu mama yake Barafu. Alimlea Barafu tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mpole, mnene, sauti ya asali. Mkoba wake haukosi pipi za minti, na mtoto wa mtu hapiti mbele yake mikono mitupu, hata mtaa mzima ukamwita Mama Pipi. Sindano akipata ujauzito tu, Mama Mdogo huyo, na beseni lake, maji ya vuguvugu, anamwosha miguu. Anaiosha, anaikausha, anamwambia, "Haya kanyaga chini, mama, utembee kidogo." Sindano akishatembea, bibi yule anachukua ufagio na kufagia chumba mwenyewe. Hataki kusaidiwa. Majirani tulisema, ajabu hii, mkwe anamfagilia mke wa mwana! Tulimsifu mpaka mate yakatukauka.

Hatukujiuliza takataka zile alizimwaga wapi.

Basi mimba ya tatu ikaingia. Safari hii Sindano alimwita mumewe karibu na cherehani, akakanyaga pedali kwa nguvu ili mashine ipige kelele, akamwambia sikioni. "Asijue mtu. Hata shati lako lisijue." Barafu akaapa. Sindano akashona kanzu ya tatu, ya njano, akaificha chini kabisa kwenye boksi la vifungo. Tumbo lilikuwa bado bapa kama ubao wa kupigia pasi.

Haikupita muda, Mama Mdogo akaja na ombi.

"Wanangu, tunaishi kwenye mji huu mkongwe, wageni wanavuka bahari kuja kutazama kuta zake, sisi tunazipita tu tukienda kununua sabuni. Nipelekeni siku moja nione mambo ya kale, kabla mimi mwenyewe sijawa jambo la kale."

Wakacheka. Barafu akachukua siku ya mapumziko. Wakatoka asubuhi, watu watatu.

Walianza na lango la ukuta wa zamani, lile lenye misumari mikubwa kama vikombe vilivyofunikwa. Wakaingia nyumba ya mawe wanayoweka vitu vya wakubwa wa zamani, wakaona kitanda cha malkia, kirefu, chenye ngazi yake. Barafu akasema, "Huyu akiota ndoto mbaya akaanguka, ndiyo basi tena." Wakapanda mnara. Siku ilikuwa nzuri. Lakini Sindano aligundua kitu.

Mama Mdogo hakubali kutangulia.

"Piteni, piteni. Mzee hufuata."

Juu ya mnara upepo ulikuwa umeleta mchanga mwembamba, umetanda sakafuni. Sindano alivua viatu apumzishe miguu, akakanyaga, akaenda kwenye kidirisha kutazama mapaa ya mji. Mara wayo wa mguu wake wa kulia ukaingia baridi. Si baridi ya jiwe. Baridi ya kitu kilichokuwa chako, na sasa kinachukuliwa.

Akageuka.

Mama Mdogo alikuwa ameinama pale pale alipotoka kukanyaga yeye.

"Umeangusha nini, Mama?"

"Pipi, mwanangu. Zinanitoroka hizi."

Hakukuwa na pipi sakafuni. Kulikuwa na ngumi iliyofumbwa, na kitambaa kilichorudi mkobani haraka.

Alasiri wakakaa kwenye baraza ya mawe, mbele ya chemchemi iliyokauka. Sindano alitaka kubaki wima. Mama Mdogo akampigapiga mahali pa kukaa, taratibu, akitabasamu.

"Kaa, mama. Watu wa hali yako hawasimami sana."

Moyo wa Sindano uliruka mshono.

Alimvuta mumewe hadi nyuma ya nguzo. "Umemwambia."

"Nani?"

"Usiniulize nani!"

"Haki ya Mungu sijafungua mdomo. Labda ameona tu. Wazee wana macho."

"Macho yanaona tumbo ambalo mimi mwenyewe silioni? Nirudishe nyumbani."

Barafu akakuna kichwa. Unajua wanaume wapole, upole wao unawafaa wote isipokuwa mke. "Imebaki sehemu moja tu," akasema. "Mama Mdogo ameitaka hiyo toka asubuhi. Tukimaliza tunaondoka, sawa? Tusimvunje moyo."

Sehemu yenyewe ilikuwa birika la chini ya ardhi.

Jua lilikuwa linaegemea mapaa walipofika. Ni ukumbi mkubwa chini ya mji, wenye nguzo kama msitu, uliokuwa ukihifadhi maji ya watu wa kale. Maji yalikwisha zamani. Taa za umeme hazidumu humo, unyevu unazila. Mlangoni walikuta wageni wengine watatu: mwalimu mstaafu mwenye kofia, na wachumba wawili waliokuwa wakichekeana kila kitu. Na akatokea mwongozaji, akipanda ngazi kinyumenyume, anafagia kila kidato anachokiacha. Mzee mfupi, funguo tele kiunoni, akitembea analia kama sanduku la vijiko. Mzee Funguo.

"Nafagia kila kundi likitoka," akawaeleza, anapangusa jasho. "Chini ni vumbi la chokaa, laini kama unga. Mtu akipotea humo nafuata nyayo zake tu. Viatu mnaviacha hapa, visigino vinachimba sakafu ya watu."

Mwalimu akauliza, "Mzee, mwaka jana si uliniambia hili lilikuwa gereza?"

"Mwaka jana lilikuwa gereza," akajibu Mzee Funguo, bila kupepesa.

Wakacheka wote. Sindano naye alitaka kucheka, lakini aliona Mama Mdogo hacheki. Anatazama chini. Anatazama miguu yake, miguu mitupu ya mke wa mwanawe, kama mtu anavyotazama sahani inapoletwa.

Mzee Funguo akatoa kamba. Ndefu, ya katani, ina mafundo. Kila mtu fundo lake, yeye mbele na tochi. Barafu akashika lake, Sindano nyuma yake. Mama Mdogo, aliyekuwa amewapisha wote kwa adabu, akashika fundo la mwisho. Baada ya fundo hilo kamba iliendelea, kipande kirefu kisicho na fundo, kimelala chini.

"Mama, mkia huo uache uburuzike," akasema Mzee Funguo. Safari hii hakuwa na mzaha usoni. "Usiushike, usiukanyage. Una wenyewe."

"Wenyewe kina nani?"

"Mji huu ulizingirwa na maadui, zamani. Wazazi wakawaficha watoto humu chini. Wakawapa kamba, wakawaambia: shikeni mkia huu, msiuachie, atakuja mama kuwatoa." Akazungusha ufunguo. "Mji ulipotekwa, waliojua mlango huu hawakubaki hata mmoja. Aliyenifundisha kazi alinikuta nakata mkia, akanizaba kofi. Ndiyo hivyo. Twende."

"Kesho litakuwa gereza tena," mwalimu akanong'ona. Wachumba wakacheka.

Wakashuka.

Baridi ikawapokea magotini, ikapanda kiunoni. Harufu ya chokaa, ya maji yaliyokufa. Mlango nyuma yao ukawa kipande cha mwanga, kisha uzi, kisha hakuna. Mbele, tochi ya Mzee Funguo ikichezacheza kwenye nguzo. Huku nyuma, giza la kushikika.

Fu… fu… fu… Miguu kwenye vumbi.

Sindano alisikia harufu ya minti kisogoni. Karibu mno.

Wayo wake ukaingia baridi.

Akapiga hatua nyingine. Baridi tena, na nyuma yake sauti ndogo… kwaru… kwaru… kama kijiko kinachokomba ukoko chini ya sufuria.

"Mama?"

"Tembea, mwanangu."

Kwaru… kwaru…

Ndipo tumbo likamkaza. Chini kabisa, upande wa kushoto. Aliyajua maumivu hayo. Alishakutana nayo mara mbili, na mara zote mbili yalipoondoka hayakuondoka peke yao. Mkono mmoja ukaenda tumboni, mwingine ukang'ang'ania kamba. Aliwaza kitu kimoja tu: si huyu. Chukua mashine, chukua macho yangu nisitunge uzi tena. Si huyu.

"Barafu," akanong'ona. "Barafu, tumbo…"

"Nini?"

Kwaru…

Ile sauti ya kukomba ilikatika ghafla. Nyuma yake akasikia pumzi ikivutwa kwa meno.

"Nani huyo?" Mama Mdogo aliuliza. Polepole. Sauti haikuwa na asali.

"Nani yupi, Mama?"

"Aliyeshika nyuma yangu."

"Wewe ndiye wa mwisho."

"Kamba inavutwa."

Kweli ilivutwa. Sindano aliihisi kiganjani, kamba imekazika kwa nyuma, inatetemeka, kama mtoto anayekuvuta nguo akitaka umtazame. Kisha sauti. Pa pa pa pa pa. Miguu myepesi, mitupu, inakimbia. Ilipita kulia kwake. Ilipita kushoto kwake. Kitu kikamgusa gauni pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa upole kabisa…

Kikaachia.

Pa pa pa pa. Kuelekea nyuma.

Kamba ikalegea.

Na tumbo la Sindano, hapo hapo, likafunguka kama ngumi iliyochoka. Maumivu yakaisha yote.

"Nani kaachia fundo?" Mzee Funguo alifoka toka mbele.

Wachumba hawakuwa wakicheka tena.

Mzee akarudi na tochi, akapita kando yao mmoja mmoja, akihesabu nyuso. Alipofika kwa Sindano akamulika nyuma yake. Fundo la mwisho lilikuwa tupu, limelala kwenye vumbi.

"Fuateni kamba, msitawanyike," akasema.

Wakageuka wote, wakamfuata, wakitazama nyayo zao wenyewe kwenye vumbi jeupe. Nyayo za Barafu, pana. Za mwalimu, zenye kidole gumba kilichopinda. Nyayo nyembamba za Sindano… lakini hizo hazikuwa nyayo tena. Kila moja ilikuwa imekombwa. Limebaki shimo lenye umbo la mguu.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeona kingine, na sauti yake ilimtoka kama ya mwanafunzi. "Mzee. Kwenye kundi letu… kuna watoto?"

"Hakuna."

"Na ulifagia?"

"Mliniona nafagia."

Tochi ikashuka chini.

Kando ya nyayo za Sindano kulikuwa na nyayo nyingine. Ndogo, za vidole vya duara kama mbegu. Jozi moja kulia, jozi moja kushoto, zimeambatana naye tangu kidato cha chini cha ngazi. Moja kubwa kidogo kuliko nyingine. Kama watoto wawili wanaotembea na mama yao, kila mmoja kashika upande wake wa gauni.

Zilifika pale tumbo lilipokaza. Hapo ziligeuka. Zikakimbia kurudi nyuma. Nyayo za kurudi tena hazikuwepo.

Wakazifuata.

Na kwenye nguzo ya tatu au ya nne, sijui, Sindano mwenyewe hakumbuki, tochi ikamkuta Mama Mdogo.

Amepiga magoti. Mtandio umemwanguka. Mkono wa kulia umezama ndani ya alama ya wayo wa mke wa mwanawe mpaka kwenye kifundo, vidole vimejaa vumbi la kukomba. Mapajani kitambaa kimefunguka, na juu ya kitambaa kuna vifuko vitatu. Viwili vimeshonwa, vimejaa, vimechakaa. Cha tatu kiko wazi, kinasubiri kushibishwa.

Hakufumba kitu. Hakuficha kitu. Za mwizi arobaini, na zake zilikuwa zimefika na mashahidi.

"Mama Mdogo," Barafu alisema. "Mama Mdogo, unafanya nini?"

Sindano akasogea. Aliinama akaokota kifuko kimoja, akakipindua pindo kwenye mwanga. Mshono wa kurudi nyuma mara mbili. Mkono wa kanzu. Akaokota cha pili: mshono ule ule, kanzu ya pili. Zile zilizochomwa. Cha tatu hakuhitaji kukishika. Kilikuwa cha njano, kutoka chini kabisa ya boksi la vifungo, na ndipo alipojua ni nani aliyemwambia bibi huyu habari za tumbo lake. Alijiambia mwenyewe, kwa kupekua.

"Nyayo za kwangu," Sindano alisema, sauti haipandi wala haishuki, "ndani ya nguo za wanangu."

"Mwanangu," Mama Mdogo alimtazama Barafu, si yeye, "mimi nimekulea. Mtoto wa nyumba ile ni wewe. Wakija wengine mimi nitakuwa nani?"

Barafu, yule asiyejua kugomba na nzi, alirudi hatua moja nyuma. Akamshika mkewe mkono. Ndilo jibu alilompa.

"Inuka, Mama," akasema Mzee Funguo. "Inuka tutoke."

"Nashindwa."

"Vuta mkono."

"Nashindwa! Hamwoni?" Alivuta. Bega lilinyanyuka, kiwiko kikanyooka, mkono ukabaki pale pale chini. "Waambieni waniachie."

Mzee Funguo akasogeza tochi. Wote waliona, na mwalimu mstaafu akavua kofia. Kwenye nyama ya mkono ule mnene, juu kidogo ya vumbi, palikuwa na mabonyeo. Madogo madogo. Manne na moja upande huu, manne na moja upande ule. Yanabonyea zaidi.

Hakukuwa na kitu kilichoyabonyeza.

"Wa mji hawa," Mzee Funguo alinong'ona. "Hawa ni wale wa mji…"

Sindano alikuwa anatazama zile jozi mbili za nyayo, kubwa kidogo na ndogo, na kiganja chake kilikuwa juu ya tumbo.

Mama Mdogo akaingiza mkono wa kushoto mkobani, anatapatapa, akatoa fungu la pipi. Pipi za minti. Akazitupa gizani, nyuma yake, zikatawanyika kwenye vumbi bila mlio.

"Chukueni," akalia. "Chukueni wanangu, nyote, chukueni mniache, Bibi anawapa…"

Pumzi za watu saba.

Kisha kule zilikoangukia, mwanga usikofika, ikasikika karatasi ya pipi ikifunguliwa.

Polepole.

Na ya pili.